Barua ya wazi kwa wakuu wa huduma za afya ya akili: mgonjwa mmoja, foleni mbili

Kwenu Waheshimiwa Wakuu wa Huduma za Afya ya Akili,

YAH: KUTENGANISHWA KWA MATIBABU YA SONONA NA MATIBABU YA MARADHI YA ULAJI

Baada ya salamu na heshima zote zinazowastahili, naomba niingie moja kwa moja katika jambo linalonileta kwenu. Mimi ni mjomba na mlezi wa kijana anayeugua bulimia, mojawapo ya maradhi ya ulaji, na sonona kwa wakati mmoja. Kwa muda mrefu nimefuata njia zote mlizowawekea wenye malalamiko: nimejaza fomu, nimeandika barua za kawaida, nimeketi mbele ya maofisa walionisikiliza kwa adabu na kuniahidi kwamba suala langu litafanyiwa kazi. Hadi leo halijafanyiwa kazi. Nimelazimika kuandika hadharani, tena kwa ridhaa ya mpwa wangu mwenyewe, kwa sababu kila ninapokaa kwenye benchi la kusubiri nakutana na walezi wenye kisa kama changu, na kwa sababu ninachokilalamikia hakitokani na ukali wala uvivu wa mhudumu fulani. Kimo ndani ya utaratibu, na utaratibu mmeushika ninyi.

Lalamiko lenyewe ni hili. Mpwa wangu ana kadi mbili za kliniki. Kwenye kadi ya kliniki ya sonona imeandikwa, kwa mwandiko wa haraka: "Arudi ulaji ukitengemaa." Kwenye kadi ya kliniki ya ulaji imeandikwa: "Arudi sonona ikidhibitiwa." Zote mbili zina mhuri na saini, na kila moja ukiisoma peke yake utaiona ina busara. Ukiziweka pamoja mezani, maana yake ni kwamba kijana huyu hana pa kwenda. Anapigwa danadana, na kila anayempiga anaamini kwamba amempa pasi mwenzake.

Kwa kuwa barua hii itasomwa pia na watu wasio wataalamu, nieleze kwa kifupi tunazungumzia nini. Katika anoreksia, mtu hujinyima chakula kwa hofu kubwa ya kunenepa hata kama amekwisha kukonda. Katika bulimia, hufakamia chakula kingi kwa muda mfupi, akihisi kwamba hawezi kujizuia, kisha hutafuta namna ya kukifuta alichokula, mara nyingi kwa kujitapisha. Yapo pia maradhi ya kufakamia yasiyofuatiwa na hatua hizo za kufuta, ambayo Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliyatambua kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wake wa mwaka 2013. Utafiti mkubwa wa kaya uliochapishwa nchini humo mwaka 2007 ulionyesha kwamba, miongoni mwa watu waliowahi kuugua bulimia, nusu waliwahi pia kuugua sonona. Kwa anoreksia walikuwa takriban 39 kwa kila 100, na kwa maradhi ya kufakamia takriban 32 kwa kila 100. Kwa hiyo mgonjwa mwenye maradhi yote mawili, ambaye taratibu zenu zinamchukulia kama tukio la ajabu lisilo na fungu lake, ni mgonjwa wa kila siku.

Sababu za maradhi haya mawili kuandamana zinajulikana kwa miaka mingi. Kuanzia Novemba 1944 hadi Desemba 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, ambao walikuwa wamechaguliwa kwa uzima wao wa mwili na wa akili. Kwa wiki 24 walipewa takriban nusu ya chakula walichokuwa wakila awali, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Hakuna aliyeingia katika jaribio lile kwa hofu ya kunenepa. Hata hivyo wengi wao walibadilika: wakawa wazito wa moyo na wepesi wa hasira, wakajitenga na wenzao, wakapoteza hamu ya mapenzi na ya mambo waliyoyapenda, wakawa wanawaza chakula kutwa kucha, baadhi yao wakikusanya vitabu vya mapishi ambavyo kabla ya hapo wasingevigusa. Tena, na hapa naomba mtulie kidogo, chakula kilipoongezwa upya, furaha haikurudi nacho siku ile ile. Wapo waliozidi kusononeka katika wiki za mwanzo za kurejeshewa lishe.

Ninajifunza mambo mawili kutokana na tukio hilo. La kwanza ni kwamba upungufu wa lishe peke yake unaweza kumletea mtu mzima wa afya dalili ambazo ninyi mngeziandika kuwa ni sonona. Hata ubongo una hesabu zake katika jambo hili: serotonini, kemikali ambayo dawa nyingi za sonona huilenga, hutengenezwa kutokana na triptofani, kijenzi kimojawapo cha protini, na triptofani mwili hauwezi kujitengenezea, lazima itoke kwenye chakula. La pili ni kwamba wakati mgonjwa anapoanza kula tena ndio wakati anapohitaji kushikwa mkono zaidi, ilhali ndio wakati ambao kliniki zenu za ulaji humpongeza na kumpunguzia miadi.

Njia ya upande wa pili nayo ni pana. Mtu aliyekwisha kulemewa na sonona, anayejiona hana thamani, anaweza kupata katika kufakamia ganzi ya dakika chache, au katika kujinyima akapata hisia kwamba kuna angalau jambo moja katika maisha yake analolitawala. Ganzi ikiisha huja aibu, aibu huleta siri, siri humtenga na watu, na upweke huo huirudisha sonona ikiwa na nguvu zaidi. Tafiti zilizowafuatilia watu kwa miaka zimeonyesha pande zote mbili: dalili za sonona huongeza hatari ya matatizo ya ulaji baadaye, na matatizo ya ulaji huongeza hatari ya sonona baadaye. Na mwaka 2019 uchunguzi mkubwa wa vinasaba vya anoreksia ulikuta kwamba sehemu ya mielekeo ya kurithi inayohusiana na ugonjwa huo inahusiana pia na sonona. Ni nani basi aliyeamua kwamba maradhi haya yakae katika majengo mawili yasiyopigiana simu?

Waheshimiwa, hoja zangu ni hizi zifuatazo.

1. Uchunguzi wa sonona unagusa chakula kisha unapita. Dodoso linalotumika katika kliniki yenu ni lile maarufu la maswali 9, lililochapishwa mwaka 2001, ambamo mgonjwa huulizwa amesumbuliwa na kila dalili kwa kiasi gani katika wiki 2 zilizopita, naye hujibu kwa alama kuanzia 0 hadi 3. Swali la 5 linauliza kuhusu kukosa hamu ya kula au kula kupita kiasi: mambo mawili yanayopingana, yaliyotiwa katika swali moja na kupewa alama moja. Nilikuwa nimeketi kando ya mpwa wangu alipoizungushia duara 3 katika mstari huo, akiikandamiza kalamu hadi karatasi ikatokeza alama upande wa pili. Muuguzi alizijumlisha alama zote kwa penseli, akaandika jumla pembeni, akaandika "sonona ya wastani", akaiingiza karatasi kwenye faili. Hakuna aliyemuuliza kama 3 ile ilikuwa ya kutokula au ya kula mno, wala nini hutokea baada ya kula.

Silaumu dodoso. Lilitungwa kupima uzito wa sonona, na kazi hiyo linaifanya. Ninalaumu kuliacha liwe mwisho wa mazungumzo. Mtu mwenye sonona peke yake, akikosa kula, mara nyingi ni kwa sababu hamu imekufa na chakula kimekuwa sawa na karatasi mdomoni. Mwenye anoreksia aghalabu njaa anaisikia, anapambana nayo, na kuishinda njaa hiyo ndiyo fahari pekee aliyobakiwa nayo. Mwenye bulimia hula kwa kasi na kwa kujificha, pengine chakula asichokitamani hata kidogo, halafu hujiadhibu. Watu hawa watatu wanaweza kutoka katika chumba chenu wakiwa na jumla inayolingana, dawa ile ile na tarehe ile ile ya kurudi. Lipo dodoso jingine fupi liitwalo SCOFF, lililochapishwa nchini Uingereza mwaka 1999, lenye maswali 5 tu, ambapo majibu mawili ya ndiyo yanatosha kumwambia mhudumu kwamba achunguze zaidi. Halithibitishi ugonjwa, lakini linachukua dakika chache na lingemwokolea mpwa wangu muda mrefu wa kutibiwa nusu.

2. Mizani inaaminiwa kuliko mgonjwa. Nimeambiwa zaidi ya mara moja kwamba kijana huyu "hana tatizo la ulaji linaloonekana" kwa kuwa uzito wake uko katika kiwango cha kawaida. Wagonjwa wengi wa bulimia wana uzito wa kawaida au zaidi ya kawaida; hilo limejulikana tangu daktari wa akili Gerald Russell alipoueleza ugonjwa huo kitabibu mwaka 1979. Na aliyejinyima chakula hadi akapungua sana anaweza kuwa hatarini hata kama alianza na mwili mkubwa na bado haonekani mwembamba. Kwa mpwa wangu, mtu wa kwanza kushtuka hakutoka katika idara yenu. Alikuwa daktari wa meno, aliyemlaza chini ya taa, akatazama upande wa ndani wa meno ya juu, akaona tabaka la nje limelika kwa asidi ya tumboni inayopanda mtu anapotapika, akaniomba kwa upole nitoke nje ili wazungumze wawili. Alichokiona kwa kioo kidogo cha mkononi hakikuwa kimeonekana kwenye mizani yenu kwa muda wote ule.

Mwongozo wa kitabibu wa Uingereza unaotolewa na NICE, taasisi ya nchi hiyo inayotunga miongozo ya matibabu, katika toleo lake la mwaka 2017, unakataza kutumia kipimo kimoja, kama uwiano wa uzito na urefu au muda wa ugonjwa, kuamua kama mtu apewe matibabu. Kujitapisha mara kwa mara kunaweza kushusha kiwango cha potasiamu mwilini hadi mapigo ya moyo yavurugike, na moyo hauangalii mizani.

3. Dawa za sonona huandikwa bila kuuliza habari za ulaji. Hili si suala la ubora wa huduma pekee. Ni suala la usalama. Bupropioni, dawa ya sonona inayotumika sana katika nchi kadhaa, hairuhusiwi kwa mtu mwenye anoreksia au bulimia, wala kwa mtu aliyewahi kuwa nayo hapo nyuma, kwa sababu hatari ya kupata degedege huongezeka. Mpwa wangu aliandikiwa dawa hiyo hiyo. Onyo nililisoma mwenyewe jioni ile katika karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi ndani ya pakiti, kwa herufi zinazohitaji miwani, na kesho yake dawa ikabadilishwa bila maelezo yoyote. Mimi si mfamasia. Usalama wa mgonjwa wenu haupaswi kutegemea mjomba mwenye tabia ya kusoma karatasi za dawa. Na zipo dawa nyingine za sonona zinazojulikana kuongeza hamu ya kula na uzito, mirtazapini ikiwemo. Kumpa mtu anayeogopa kunenepa dawa ya aina hiyo bila kumweleza lolote ni sawa na kumwomba aiache kimyakimya, naye ataiacha, kisha kwenye faili ataandikwa kuwa ni mgonjwa asiyefuata masharti.

4. Kliniki ya ulaji haiulizi kuhusu kifo. Mwaka 2011 ulichapishwa uchambuzi uliojumuisha tafiti 36 za vifo miongoni mwa wenye maradhi ya ulaji. Ulionyesha kwamba wenye anoreksia hufariki kwa kiwango kinachozidi mara 5 kile kinachotarajiwa kwa watu wa umri wao, na kwamba katika kila vifo 5 vya wagonjwa hao, kimoja kilitokana na kujiua. Yaani katika ugonjwa ambao sote tunaufikiria kuwa ni wa mwili kudhoofika, kifo kimoja kati ya vitano kinatoka upande ambao kliniki ya ulaji husema si kazi yake. Nimehudhuria miadi ya ulaji pamoja na mpwa wangu, na nimesikia akiulizwa kuhusu milo, mazoezi, choo na usingizi. Sijasikia akiulizwa kama kuna siku anaona afadhali asingekuwepo. Nilipomdokeza mhudumu mlangoni, jibu lilikuwa kwamba swali hilo huulizwa katika kliniki ya pili. Kliniki ya pili ndiyo ile iliyomwambia arudi ulaji ukitengemaa.

Naomba ieleweke kwamba kuuliza kuhusu kujiua hakumpandikizii mtu wazo hilo. Wataalamu wenu wanalijua jambo hili vizuri kuliko mimi, na ndiyo maana dodoso la sonona lina swali hilo kama la 9 na la mwisho. Ninachoomba ni kwamba swali livuke korido.

5. Wanaume hawaonekani. Tulipofika mara ya kwanza, karatasi ya maelezo tuliyopewa ilimtaja mgonjwa kama "binti" kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mojawapo ya maswali ilihusu hedhi. Mpwa wangu alicheka, kisha akanyamaza kwa siku nzima. Utafiti ule wa 2007 ulionyesha kwamba takriban robo ya waliowahi kuugua anoreksia au bulimia walikuwa wanaume, na katika maradhi ya kufakamia sehemu yao ilikuwa kubwa zaidi. Kijana anayeona aibu kuwa na sonona anaongezewa aibu ya pili, ya kuwa na ugonjwa ambao hata fomu imeamua kwamba si wake.

Najua majibu ambayo yanaweza kutolewa, kwa kuwa mengine nimekwisha kupewa.

Mtasema kwamba lazima kitu kimoja kitangulie. Kwa sehemu nakubaliana nanyi. Mgonjwa aliyedhoofika hadi uhai wake uko hatarini anahitaji kwanza kuokolewa mwili, tena kwa uangalizi wa kitabibu, maana kumlisha kwa pupa mtu aliyekaa na njaa kwa muda mrefu kunaweza kushusha ghafla kiwango cha fosfeti katika damu na kumuua. Ni kweli pia kwamba akili iliyokosa lishe haifaidiki sana na mazungumzo marefu ya kisaikolojia. Lakini kutangulia kwa jambo moja hakumaanishi kulifukuza la pili. Mwongozo wa 2017 niliokwisha kuutaja unaruhusu matibabu yaende sambamba, ndani ya mpango mmoja, au moja baada ya jingine, na unataka uamuzi huo uzingatie ukali wa hali zote mbili, uwezo wa mgonjwa kuendesha maisha yake, na matakwa yake. Uamuzi wa namna hiyo hufanywa na watu wanaozungumza. Hauwezi kufanywa na kadi mbili.

Mtasema kwamba sonona ikitibiwa ulaji utajinyoosha wenyewe. Dhana hiyo ina historia. Katika miaka ya 1980 walikuwepo watafiti waliodhani kwamba bulimia ni sura nyingine ya sonona, kwa kuwa dawa za sonona ziliisaidia. Baadaye ilibainika kwamba fluoksetini, mojawapo ya dawa hizo, kwa kipimo cha miligramu 60 kwa siku ambacho ni kikubwa kuliko kile cha kawaida cha kuanzia sonona, hupunguza kufakamia na kujitapisha hata kwa wagonjwa wasio na sonona. Dawa inafanya kazi mbili zinazojitegemea. Na kwa anoreksia matokeo yamekuwa hafifu: jaribio lililochapishwa mwaka 2006, la wagonjwa 93 waliokwisha kurejeshewa uzito, halikukuta tofauti kati ya waliopewa fluoksetini na waliopewa kidonge kisicho na dawa katika kuzuia ugonjwa kurudi. Kwa hiyo anayetibu upande mmoja na kusubiri upande mwingine ujipange wenyewe anasubiri kitu ambacho ushahidi haujakiahidi.

Mtasema kwamba wagonjwa wa ulaji ni wachache mno kuhalalisha gharama. Shirika la Afya Duniani linataja watu milioni 14 waliokuwa na maradhi ya ulaji duniani mwaka 2019, karibu milioni 3 kati yao wakiwa watoto na vijana wadogo. Hesabu hiyo ilitokana na anoreksia na bulimia tu. Watafiti walioongeza maradhi ya kufakamia na aina nyingine walipata watu wengine karibu milioni 42 kwa mwaka huo huo. Na hawa, nasisitiza, hamtawapata wakiwa wamepanga foleni wenyewe; wengi tayari wamo katika foleni ya sonona, wamekaa kimya, wakisubiri swali ambalo haliji.

Mtasema kwamba mhudumu wa kawaida hana mwongozo wa kufuata. Katika hili mna haki kiasi. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, uliotungwa kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa, katika toleo lake la 2016 una sura ya sonona na sura ya kujidhuru na kujiua, lakini hauna sura ya maradhi ya ulaji. Basi ongezeni ukurasa wenu. Hakuna aliyewazuia.

Na mtasema kwamba mgonjwa mwenyewe hakusema. Hakusema, ndiyo. Ugonjwa wenyewe unaishi kwa siri, na sonona humwambia mtu kwamba hastahili kumpotezea daktari muda wake. Kumtaka mgonjwa wa namna hiyo ajitaje mwenyewe kabla ya kuulizwa ni kumtwika kazi ambayo ugonjwa umemnyang'anya uwezo wa kuifanya.

Kwa hiyo, kwa heshima na bila kuzunguka, naomba mambo haya.

Kwanza, kila mgonjwa mwenye dalili za maradhi yote mawili awe na faili moja, mpango mmoja wa matibabu na mhudumu mmoja anayetajwa kwa cheo na jina, ambaye ndiye atakayewajibika hata kama matibabu yanatolewa katika vyumba viwili. Hili kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mengine yote yanaweza kuchelewa kidogo, hili haliwezi.

Pili, kipigwe marufuku kitendo cha kumrudisha mgonjwa kwa sababu tu ana ugonjwa wa pili. Kliniki inayoona kwamba mgonjwa anafaa kuanzia kwingine imkabidhi kwa mkono, yaani ithibitishe kwamba amepokelewa na amepewa tarehe, kabla haijafunga ukurasa wake.

Tatu, maswali mafupi ya ulaji yaingizwe katika kila uchunguzi wa sonona, na maswali kuhusu hali ya moyo na mawazo ya kujiua yaingizwe katika kila uchunguzi wa ulaji, si mara ya kwanza tu bali hata mgonjwa anapoanza kuonekana nafuu.

Nne, asiandikiwe mtu yeyote dawa ya sonona kabla ya kuulizwa kama ana au aliwahi kuwa na tatizo la ulaji, na jibu lake liandikwe mahali ambapo mfamasia naye ataliona.

Tano, uzito usiwe sharti la kupokelewa. Na zile karatasi za maelezo zinazomwita kila mgonjwa "binti" ziandikwe upya. Kazi hiyo ni ya alasiri moja.

Sijaomba jengo jipya, wala sijaomba daktari yeyote aadhibiwe. Sehemu kubwa ya niliyoyaorodhesha inahitaji agizo lenye saini zenu na mafunzo ya muda mfupi kwa wahudumu ambao, nimewaona kwa macho yangu, wana nia njema na wamechoka. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30 tangu barua hii itoke, likionyesha kwa kila ombi kama mmelikubali, mmelikataa au mmeliahirisha, na kwa sababu gani. Jibu hilo nitalitoa hadharani kama nilivyoitoa barua hii, liwe zuri au baya, ili walezi wenzangu nao walisome. Mpwa wangu ameisoma rasimu, ameondoa mistari miwili ambayo hakutaka ijulikane, na amekubali yaliyobaki kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Ana miadi katika kliniki zote mbili mwezi huu, kwa siku mbili tofauti. Mkiwa tayari kumwona kwa pamoja, tutakuja siku yoyote mtakayoitaja.

Wenu kwa heshima,

Mjomba na mlezi wa mgonjwa